Konzi

Ukungu huwahi shule kuliko watoto.
Asubuhi naufungulia mlango, unaingia, unaketi dawati la nyuma,
na hautoki hadi saa nne.
Shule yetu imesimama kwa miguu ya mbao ubavuni mwa mlima,
upande mmoja juu ya udongo, upande mmoja juu ya hewa,
na kifutio kikiponyoka kwenye ufa wa sakafu
tunakisikia kikishuka, kikishuka,
hadi banda la nguruwe la mzee Hrangkima.

Darasa la kwanza: ishirini na sita.
Pua ishirini na sita zenye makamasi, na soksi zisizolingana.
Tunaanza kwa sala. Fumbeni macho.
Wanaofumba kweli ni watatu; najua,
kwa kuwa nami natazama.
Kisha herufi: A, halafu AW,
AW ambayo kwetu Mizoram ni herufi moja, usiigawe,
na yenyewe tu ni neno: sauti.
Basi mtoto wa milima hii, siku ya pili ya kusoma,
ameshaandika sauti
kabla hajajua kuandika mama.

Isipokuwa Rohlupuii.
Tangu shule ifunguliwe hajaitoa yake.
Anakaa na shali ya bibi yake mabegani, anakuna kidonda cha goti,
nikimwita anautazama ubao
kama anayengoja ubao ujibu kwanza.

Jumatano. Hesabu za kutoa.
Nikachora machungwa matano, nikafuta moja.
Tano toa moja?
"Nne!" darasa zima, hata bati likaitikia.
Na katika kimya kinachofuata kelele,
sauti nyembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano:
"Tano."

Wakacheka.
Hesabu tena, Rohlupuii.
"Tano."

Mwalimu wangu wa kwanza, Mungu amlaze pema,
alinifunza kutoa kwa konzi, zile za kichwani,
na mkono wangu, nakiri, ulikwisha kujikunja.

"Mama akipika," akasema
(ndipo nikajua ana kithembe)
"anapima mchele konzi tano.
Halafu moja anaitia kwenye kopo la kanisa.
Mchana moja. Usiku moja.
Tunakula. Tunashiba.
Ile moja haijapotea, mwalimu. Iko koponi.
Jumamosi wanakuja kuichukua."

Nikageukia ubao ili wasinione uso.
Maana najua linakokwenda kopo lile.
Akina mama hulimimina guniani, gunia hupandishwa mizani,
mchele huuzwa, na rupia zake
ndizo bati hili,
ndizo mshahara wangu, ambao huchelewa lakini huja,
ndizo chaki hii iliyonichafua vidole,
niliyochorea machungwa.

Ningependa kusema nilimpa alama.
Sikumpa.
Mkaguzi hutoka mjini mwezi wa kumi, na habari za kopo hana.
Niliandika nne kwa wino mwekundu, ndogo, pembeni kabisa ya ukurasa.
Akaitazama, akanitazama,
akafunga daftari polepole
kama mtu mzima anayemwacha mtoto ashinde.

Jioni nikapika. Naishi peke yangu, konzi mbili zanitosha.
Miaka kumi na moja nimechota bila kuangalia,
mkono unakwenda koponi wenyewe, kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa.
Jana ukasimama.
Punje chache zikaponyoka kati ya vidole, zikalia sakafuni.
Nikasema kwa sauti, jikoni hamna mtu:
mbili toa moja.

Mvua ikapiga bati wakati huohuo.
Sikusikia nilijibu nini.